Lango la Kichina, Bustani ya Kijapani

Kuna lango San Antonio, Texas, linalodanganya kwa herufi kubwa. Limesimama kwenye mlango wa Bustani ya Chai ya Kijapani, na maneno yaliyo juu yake yanasema hii ni bustani ya chai ya Kichina. Ramani ya simu inasema Kijapani. Rekodi za jiji zinasema Kijapani. Hata samaki wa rangi ya machungwa wanaoogelea humo ni wa Kijapani. Lango peke yake limeshikilia msimamo wake wa mwaka 1942 na halijabanduka.

Ukiliona kwa mbali utadhani limejengwa kwa magogo. Ukilikaribia unaona magamba ya mti, vifundo, hadi nyufa za mbao iliyokauka. Ukiligusa ndiyo unajua umechezwa: ni saruji tupu. Watu husimama hapo chini wakapiga picha, wengi bila kusoma kilichoandikwa, kisha huingia kutafuta maji na kivuli.

Mimi nililisoma, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiizunguka hii stori. Inahusu nani anahesabiwa kuwa ameumia na nani haingii kwenye hesabu. Na nilivyoifuata, imenirudisha nyumbani kwa njia ambayo sikuitarajia.

Kwanza nieleze nilifikaje huko. Shangazi yangu ni nesi San Antonio, na alikuwa amemwalika mama yake, yaani Shosho, aende akae naye wiki sita. Shosho ana zaidi ya miaka 80. Hangeweza kubadilisha ndege peke yake. Kikao cha familia kikafanywa kwa WhatsApp: huyu ana kazi, yule ana mtoto mchanga, mwingine ana mkopo unaomfuata kila tarehe tano. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo naandika makala za kulipwa moja moja. Kompyuta yangu haihitaji ruhusa ya bosi kusafiri. Nikachaguliwa kabla kura hazijapigwa. Shosho alifurahi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hivyo mimi kwake ni "mzee wangu", mumewe aliyerudi na magoti mazuri zaidi.

Jumamosi moja Shangazi alikuwa amemaliza zamu za usiku, na watoto wake watatu walitaka kwenda kuona wanyama. Bustani ya wanyama ya San Antonio iko ndani ya Brackenridge Park, na kiingilio kinalipwa kwa kichwa. Tulikuwa watu saba. Anko alipiga hesabu kimyakimya, akauliza wale simba si tunao kwetu, kisha akageuza usukani kuelekea bustani ya jirani ambayo kuingia ni bure. Watoto walinuna kwa dakika kama tano, hadi walipowaona samaki.

Mahali penyewe ni pazuri, sitakataa. Unaingia kwa juu halafu unateremka. Katikati kuna banda kubwa la nguzo za mawe, na chini yake kuna vidimbwi vyenye mayungiyungi, vijia vinavyojikunja, madaraja ya mawe yaliyopinda kama mgongo wa paka. Upande mmoja maji yanaporomoka kutoka juu, karibu mita 18. Pande zote umezungukwa na kuta za mwamba, na hapo ndipo unapoelewa kwamba uko ndani ya shimo.

Watoto waliangalia samaki. Shangazi aliangalia watoto. Shosho aliangalia ukuta.

"Mzee wangu," akaniuliza, "hili shimo lilichimbwa na nani?"

Nikatoa simu.

*

Shimo ni kwari. Katika karne ya 19 mafundi wa mawe, wakiwemo Wajerumani waliohamia Texas, walikuwa wakichukua mawe ya chokaa hapo. Mwaka 1880 kikaanza kiwanda cha saruji cha Alamo, kikachoma mawe hayo hadi 1908 kampuni ilipohamia eneo lingine. Tanuri za zamani na bomba lao la moshi bado zimesimama karibu na bustani. Wenye kiwanda waliondoka na faida, jiji likabaki na shimo. Ukiwa umelelewa Eastlands unajua kwari iliyoachwa huishia vipi: maji ya mvua, takataka, na onyo la mama kwamba ukionekana huko utakiona.

Kamishna wa bustani za jiji wakati huo, Ray Lambert, aliliona shimo hilo kwa jicho tofauti. Wamarekani walikuwa wameshikwa na homa ya vitu vya Kijapani tangu maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876 na Chicago mwaka 1893. San Francisco ilikuwa tayari na bustani yake ya chai iliyotokana na maonyesho ya mwaka 1894. Mji uliotaka kuonekana umestaarabika ulijitafutia daraja dogo lililopinda na dimbwi la mayungiyungi. Lambert alitaka vya San Antonio viwe ndani ya kwari. Michoro ilitoka kwa mhandisi wa jiji. Watu wakachanga pesa mwaka 1917, na kati ya Julai 1917 na Mei 1918 kazi ikafanyika. Paa la kwanza la lile banda liliezekwa kwa majani ya mitende kutoka vitalu vya jiji. Ni makuti, kwa lugha yetu.

Na wafanyakazi? Wafungwa. Lambert alitumia nguvu za wafungwa kulitengeneza lile shimo: vijia, madaraja, kisiwa, banda.

Nilimsomea Shosho hivyo, nikitafsiri. Akasema "Ĩĩ," ile "ĩĩ" ya Kikuyu ambayo haimaanishi kushangaa wala kukubali, ila kwamba jambo limewekwa mahali pake. Kisha akaketi kwenye ukuta mfupi, akaanza kunieleza kuhusu mtaro.

Nimesikia vipande vya stori hii maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuisikia mfululizo. Mwaka 1954 Shosho alikuwa na miaka kama 9. Serikali ya mkoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na sasa iliamua kuwakusanya Wakikuyu waliotawanyika kwenye mashamba yao iwaweke pamoja vijijini, ili wasiwapelekee wapiganaji wa msituni chakula. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa hivyo. Familia yake iliambiwa ibomoe nyumba na kubeba ilichoweza. Nyumba mpya walijenga wenyewe, kwa mistari, chini ya ulinzi. Halafu wanawake wakapewa kazi ya kuchimba mtaro kuzunguka kijiji, mama yake akiwa mmoja wao. Ndani ya mtaro ilipandwa mianzi iliyochongwa ncha. Kulikuwa na saa za kutoka na saa za kurudi. Ukichelewa, lango lilifungwa.

"Wao walipewa chakula?" akaniuliza, akimaanisha wale wafungwa wa Texas.

Hilo simu haikuwa na jibu.

*

Mwaka 1919 jiji la San Antonio lilimwalika msanii mmoja wa asili ya Kijapani aliyeishi mjini humo, Kimi Eizo Jingu, ahamie kwenye bustani. Alikwenda na mkewe, Miyoshi. Walipewa makao humo humo, wakaitunza bustani, na mwaka 1926 wakafungua Chumba cha Mianzi, mahali pa kuuza chai na vyakula vyepesi. Jingu aliijua chai vizuri. Wakalea watoto wanane pale. Ebu fikiria: watoto wanane ambao uani kwao ni bustani ambayo mji mzima huja kuitembelea wikendi. Ile bustani ya kubuni ya Lambert, iliyochorwa na mhandisi wa jiji na kujengwa na wafungwa, ikapata Wajapani wa kweli ndani yake.

Sheria za nchi, lakini, zilikuwa na maoni mengine kuhusu watu kama wao. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Takao Ozawa, kwamba mhamiaji Mjapani hawezi kuomba uraia kwa sababu si mzungu. Mwaka 1924 sheria ya uhamiaji ikafunga mlango kwa Wajapani wapya. Watoto waliozaliwa Marekani walikuwa raia tangu kuzaliwa. Wazazi walibaki wageni hata wakikaa miaka 30. Ungeweza kuitunza bustani ya jiji, kuwa sura ya jiji kwenye kadi za posta, na bado usiwe wa jiji.

Kimi Jingu alifariki mwishoni mwa miaka ya 1930. Miyoshi akaendelea na kazi pamoja na watoto. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zikashambulia Pearl Harbor. Mwaka 1942 jiji likamfukuza mjane na watoto wake kutoka nyumba waliyokuwa wakiishi.

Hapa ndipo nataka tuende polepole. Ukisoma kuhusu Wajapani wa Marekani wakati wa vita, utasoma kuhusu amri nambari 9066 ambayo Rais Roosevelt alitia saini tarehe 19 Februari 1942. Kwa amri hiyo watu takriban 120,000 wa asili ya Kijapani, karibu theluthi mbili wakiwa raia, waliondolewa pwani ya magharibi na kuwekwa kwenye makambi nyuma ya seng'enge. Familia ya Hagiwara, iliyoitunza ile bustani ya San Francisco tangu miaka ya 1890, iliondolewa hivyo, na bustani ikapewa jina jipya ambalo halikutaja Japani. Jina la zamani lilirudishwa mwaka 1952. Huko kulikuwa na jeshi, kulikuwa na orodha, kulikuwa na amri yenye nambari.

San Antonio haiko pwani ya magharibi. Huku hakukuwa na hamisha-hamisha ya Wajapani wote. Texas ilikuwa na makambi, ndiyo. Kambi ya Crystal City, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka San Antonio, ilizuilia familia za Kijapani na za Kijerumani, wakiwemo Wajapani waliotolewa hadi Peru, na haikufungwa hadi 1948. Lakini akina Jingu hawakutolewa na jeshi. Walitolewa na mwenye nyumba wao, na mwenye nyumba wao alikuwa jiji lililowaalika. Upepo ulikuwa umegeuka, na jiji likageuka nao.

*

Baada ya hapo bustani ilihitaji mtu wa kuuza chai, na ilihitaji jina. Familia ya Wachina wa Marekani, Ted na Ester Wu, ilifungua kibanda cha vinywaji na vitafunio pale na kukiendesha hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bustani ikaitwa ya Kichina.

Usije ukadhani Wachina walikuwa wapendwa wa muda mrefu. Sheria ya kuwafungia nje vibarua wa Kichina ilikuwa imepitishwa tangu 1882, na mwaka ule wa 1942 ilikuwa bado inafanya kazi. San Antonio yenyewe ilipata sehemu kubwa ya jamii yake ya Kichina kwa njia ya ajabu: mwaka 1917, mwaka ule ule ambao bustani ilianza kujengwa, Jenerali Pershing alirudi kutoka Meksiko akiwa na wakimbizi Wachina zaidi ya 500 waliokuwa wamelihudumia jeshi lake, na ikabidi watafutiwe ruhusa maalumu ya kukaa. Lakini China sasa ilikuwa upande mmoja na Marekani vitani. Mwaka 1943 ile sheria ya 1882 ikafutwa. Mtu wa sura fulani aligeuka kutoka hatari hadi rafiki kwa sababu ya mambo yaliyotokea bahari nyingine kabisa, na yeye mwenyewe hakuwa amefanya lolote, baya wala jema.

Lango lilijengwa mwaka huo wa 1942. Fundi alikuwa Dionicio Rodríguez, Mmeksiko aliyezaliwa 1891, bingwa wa kuifanya saruji ionekane mbao. Alifanya kazi hiyo katika majimbo kadhaa ya Marekani, na alikuwa msiri sana na rangi zake. Alizichanganya mbali na macho ya watu ili asiibiwe fomula. Kwa hivyo kwenye mlango wa kwari iliyozalisha saruji, Mmeksiko alisimamisha lango la saruji, lenye umbo la malango ya hekalu za Kijapani, akaandika juu yake kwamba hapa ni China. Sidhani alikuwa na neno. Alipewa kazi, na aliifanya vizuri mno.

Miaka ikapita. Bustani ilichakaa, ikachorwachorwa kuta, vidimbwi vikakauka. Mwaka 1984, Henry Cisneros akiwa meya, jiji lilirudisha jina la Kijapani kwa sherehe, na watoto wa Jingu wakahudhuria pamoja na wawakilishi wa serikali ya Japani. Miaka 42 baadaye. Matengenezo makubwa yalikamilika 2008, na nyumba ya zamani ya familia ile sasa inaitwa Jingu House, unaweza kunywa chai hapo. Lango halikubomolewa wala kuandikwa upya.

*

Mtoto wa pili wa Shangazi ana miaka 9, umri ule ule wa Shosho alipopelekwa kijijini. Alizaliwa San Antonio, na Kiingereza chake ni cha Texas kabisa. Alikuwa amesikiliza yote nikimsomea Shosho, akauliza, "Lakini hao watoto si walizaliwa hapa?"

"Walizaliwa hapa," Anko akasema.

"Sasa wangeenda wapi?"

Anko alikula kiapo cha uraia wa Marekani miaka kadhaa iliyopita, na picha yake ya siku hiyo, akiwa na bendera ndogo mkononi, iko ukutani sebuleni. Hakumjibu mtoto. Aliangalia lile lango kwa muda, halafu akamwambia aende akaangalie samaki. Shangazi ndiye aliyezungumza, kwa Kikuyu, ili watoto wasielewe: "Ndiyo maana sijauza ile ploti ya Juja."

Nimewahi kuwasikia watu Nairobi wakiwacheka ndugu zao walio ng'ambo kwa kununua vipande vya ardhi ambavyo hawatawahi kujenga. Shangazi amekaa Texas karibu miaka 20. Nyuma ya nyumba yake amepanda sukuma na managu, na majirani humwomba mbegu. Siku ile nilielewa ploti ya Juja ni nini. Ni kile ambacho Miyoshi Jingu hakuwa nacho.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni namna hesabu hufanywa baadaye. Mwaka 1988 Marekani iliomba msamaha kwa sheria, na wengi waliokuwa bado hai kati ya waliohamishwa na kuzuiliwa na serikali kuu wakatengewa dola 20,000 kila mmoja. Ni jambo kubwa, na nchi nyingi hazijawahi kulifanya. Lakini sheria ile ilihesabu amri na makambi ya serikali kuu. Mjane aliyefukuzwa na jiji lake bila kambi wala seng'enge hayuko kwenye picha hiyo.

Na sisi tulifanyiwa hesabu ya aina hiyo. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisema inajutia mateso ya wakati wa hali ya hatari, ikakubali kulipa takriban pauni milioni 20 kwa Wakenya zaidi ya 5,000 waliokuwa wameishtaki, na ikagharamia mnara wa kumbukumbu ambao ulizinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Waliolipwa ni walioteswa. Wengi waliteswa kwenye makambi ya kuzuilia watu, na hakuna shilingi moja niliyo nayo ya kubishana nao. Lakini Shosho hakuwa kambini. Kwa karatasi za serikali alikuwa "kijijini". Hakuna anayelipwa fidia kwa kukaa kijijini.

Hapo ndipo nilipoanza kulipenda lile lango. Kwa familia ya Jingu hakuna amri ya rais yenye nambari, hakuna kambi ya kwenda kuona, hakuna orodha ya majina nyuma ya kioo. Kuna lango lenye jina lisilo lake. Lingebomolewa mwaka 1984 ili kila kitu kilingane, mgeni angeingia, angewalisha samaki na kutoka akidhani bustani hii imeitwa Kijapani siku zote na kwamba watu wake waliondoka kwa hiari. Uongo ule wa saruji ndiyo risiti iliyobaki. Watu wa jiji walifanya jambo la busara: walirudisha jina la kweli na wakaacha lile la uongo mahali pake, liwalazimishe watu kuuliza.

Nairobi tuna mazoea tofauti. Tunabadilisha jina halafu tunafuta karatasi. Chukua Embakasi. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi walizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakawachuja watu mtaa kwa mtaa, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijengwa miaka hiyo kwa nguvu za wafungwa na watu waliozuiliwa, ukafunguliwa 1958. Mwaka 1978 ukapewa jina la Jomo Kenyatta, ambaye wakati mikono ile inasawazisha ardhi ya Embakasi alikuwa mfungwa mwenyewe, kule Lokitaung. Jina ni la heshima, silipingi. Lakini nimepita pale na Shosho tukienda na tukirudi, na sikuona mahali palipoandikwa ni mikono ya nani iliyousawazisha. Kwa lile shimo la Texas, angalau, ilichukua dakika tano za simu kujua waliofanya kazi walikuwa wafungwa.

Kuhusu kijiji cha Shosho, kilipoisha kuwa gereza kiligeuka kituo cha biashara, kama vilivyogeuka vingi. Kina M-Pesa, kina baa mbili, kina kinyozi mwenye spika kubwa. Mtaro ulifukiwa. Pale lilipokuwa lango hakuna lango.

Ila kuna neno. Kwa Kikuyu vijiji vile viliitwa ichagi, na kimoja ni gichagi, kutoka kwa "kijiji" cha Kiswahili. Wewe unayesoma hapa huenda umelitumia Desemba iliyopita. Tunalisema tukicheka: naenda gichagi, nitarudi Januari, mnitumie nauli. Tunamaanisha kuku, chai ya maziwa, mtandao mbovu na shangazi wanaouliza utaoa lini. Nimelitumia hivyo tangu shule ya msingi.

Shosho analitumia pia, ila yeye hasemi anaenda gichagi. Akizungumzia kwake kwa sasa husema mũciĩ, nyumbani. Gichagi kwake ni kitu kilichoanza 1954 na kuisha, chenye mistari ya nyumba, saa za kurudi, na mianzi yenye ncha. Nilimuuliza kama humuudhi kutusikia tukilirusharusha. Akasema hapana. Akasema afadhali tunalisema, na kwamba siku tukiwa na nafasi tumuulize mtaro ulipita wapi hasa, kwa sababu watu waliobaki wanaoweza kuonyesha ni yeye na wanawake wengine wawili, na mmoja wao haoni vizuri.